Haradali ya Kwenye Ufa

Nyumba ya shangazi yangu iko Mkomani, hapa mjini Lamu. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, na katikati ina kiwanda. Msomaji wa bara asifikirie mitambo. Kiwanda kwetu ni ule uwazi wa ndani ya nyumba usio na paa, unapoingia mwanga na upepo, ndipo nguo hufuliwa, maembe huanikwa na achari hutengenezwa. Pembeni mwa kiwanda hicho, pale sakafu inapokutana na ukuta, pana ufa usioingia hata kidole cha mtoto. Masika yalipoanza kutulia, ndani ya ufa huo mlichipuka mche.

Nilipouona ulikuwa na majani mawili tu, mapana, kila moja limebonyea nchani kama moyo. Shangazi alitaka ung'olewe siku ile ile, na sababu anayo: mizizi ikishika kwenye chokaa hufungua njia ya maji, na maji yakishaingia ukutani nyumba ya mawe huanza kufa taratibu. Nilimwomba aniachie.

"Mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka utoe ua, shangazi. Nijue ni mmea gani."

"Haya. Ukishatoa ua, wang'oka."

Ulipanda haraka. Majani ya chini yakawa makubwa, yamekatwakatwa pembeni, pande la mwisho likiwa kubwa kuliko mengine. Wiki ya sita ukafika kiunoni kwangu na kutoa maua ya manjano, madogo, yamejikusanya juu kabisa ya shina. Hapo majina yakaanza kumiminika. Shangazi: magugu. Mama mmoja anayetuletea mboga kutoka Mpeketoni akaweka kikapu chini, akauangalia mara moja, akasema: "Hii ni kanzira. Mbona hamupiki?" Mpwa wangu akaupiga picha, akaiingiza kwenye programu ya simu ya kutambua mimea, na jibu likaja kabla hajaketi: haradali ya mwitu, Sinapis arvensis, mmea uliopewa jina hilo na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753. Chini ya jina palikuwa na asilimia kubwa ya uhakika.

Nililipokea jina lile kwa furaha. Nikawatumia marafiki picha, nikawaambia haradali ya mwitu imeota Mkomani. Usiku wake sikupata raha. Nilikuwa nimetangaza jina la mmea ambao sijauinamia hata mara moja. Na huku kwetu tunasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Asubuhi nilichukua kioo cha kukuzia, wembe, karatasi nyeupe na kigoda, nikaketi kiwandani.

Naanza na ua, kwa sababu ua ndilo linalosema mmea ni wa ukoo gani. Nililidondoa moja nikaliweka kwenye karatasi. Petali nne za manjano, zimekaa mbilimbili zikielekeana, zikafanya umbo la msalaba. Nyuma yake sepali nne, vile vijani vinavyolifunika ua kabla halijafunguka, nyembamba, za kijani kilichopauka. Hilo peke yake halitoshi, maana mimea yenye petali nne ni mingi. Kitu cha kutazama ni stameni, vile vijiti vinavyobeba chavua. Nilizihesabu kwa ncha ya wembe: sita. Kisha nikaziangalia urefu. Nne zilikuwa ndefu, zimesimama katikati. Mbili zilikuwa fupi, moja kila upande, zimejitenga kidogo na wenzake. Nne ndefu na mbili fupi: hiyo ndiyo alama ya ukoo wa kabichi, sukuma wiki, figili na haradali. Wataalamu wa zamani waliuita ukoo huu wabeba msalaba kwa ajili ya petali zile, lakini mimi ningeuita kwa stameni zake. Petali nne utaziona kwingi. Nne ndefu na mbili fupi ni nadra kuziona nje ya ukoo huu.

Nikakumbuka mgagani. Mgagani tunaujua sote, majani yake machungu kidogo huchemshwa na kutiwa tui, nao pia una petali nne, una stameni sita, na unazaa maganda membamba marefu. Mtu akiusoma kwenye karatasi anaweza kusema ni haradali. Akiushika mkononi hawezi. Jani la mgagani lina vidole, mara nyingi vitano, vyote vikitoka mahali pamoja kama kiganja. Shina lake lina malaika, yaani nywele laini, wenye utomvu, ukilishika vidole vinanata. Petali zake zote nne zimeinuka upande mmoja badala ya kukaa msalaba. Na stameni zake hazitoki chini ya ua: zimepandishwa juu ya kijiti kimoja kirefu, kijiti hicho hicho kinachobeba kizazi cha kike, hata Linnaeus akaupa jina la pili gynandra, mke na mume pamoja. Mmea wa shangazi haukuwa na hata moja kati ya hayo. Jani lake lilikuwa moja lililochanika pembeni, shina lake laini, lenye ungaunga wa rangi ya samawati unaofutika kwa kidole.

Kwa hiyo ukoo niliupata siku ile. Jina bado. Na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini simu ilisema haraka vile. Picha ya mpwa wangu ilikuwa ya maua, imepigwa kutoka juu. Maua ya manjano ya ukoo huu yanafanana kama ndugu waliovaa kanzu za kitambaa kimoja. Tofauti zao ziko chini ya shina, kwenye kikonyo cha jani la juu, na zaidi ya yote kwenye tunda. Tunda halikuwepo. Simu ilikuwa imetaja jina ambalo mmea wenyewe ulikuwa haujatoa ushahidi wake.

Nikamrudia shangazi, nikamwambia sasa nataka mpaka uzae. Alinitazama kwa muda. "Umeanza na ua, sasa watoto," akasema, lakini hakuugusa. Nilipoteza shina moja la pembeni hata hivyo, pale punda aliyeleta mifuko ya mchanga aliposimamishwa mlangoni na kupenyeza shingo yake ndani. Punda wa Lamu hawahitaji kujua jina la mboga.

Wakati nikingoja maganda nilipima yale yaliyokuwepo. Haradali ya mwitu ile ya simu, Sinapis arvensis, chini ya shina ina nywele ngumu zinazokwaruza. Nilipitisha kidole kutoka sakafuni kwenda juu, sikukwaruzwa na kitu. Ua lake likifunguka, sepali hulala wazi kabisa zikawa kama mikono iliyonyooshwa. Za mmea wetu zilikuwa zimeinuka nusu. Majani yake ya juu hukaa kwenye shina bila kikonyo. Ya mmea wetu yalikuwa membamba, yanapungua taratibu hadi kuwa kikonyo kifupi, na hayakulikumbatia shina. Hilo la kukumbatia nalo lina maana: jamaa mwingine, Brassica rapa, jani lake la juu hulizunguka shina kwa masikio mawili kama mtoto anayeng'ang'ania shingo ya mama. Masikio hayo sikuyaona. Katika asubuhi moja, kwa kidole na kioo, majina mawili yakawa yameondoka.

Maganda yalipotoka nilifurahi kuliko nilivyofurahia maua. Lilikuwa ganda jembamba, refu kama sentimita 4, mfano wa ganda changa la choroko, limesimama kimshazari kuelekea juu. Hii ilikuwa na maana yake. Haradali nyeusi, Brassica nigra, maganda yake ni mafupi, hayazidi sana sentimita 2, nayo yamelala yakilibana shina. Haya yalikuwa yamejitenga nalo. Nchani mwa kila ganda palikuwa na mdomo mwembamba, karibu robo ya urefu wote, unaochongoka taratibu. Niliupasua mdomo ule kwa wembe: mtupu. Kwenye Sinapis mdomo ni mpana, umebanwa kidogo, na mara kwa mara huficha punje moja ndani yake. Kisha mishipa. Upande wa ganda la Sinapis huonyesha mishipa mitatu hadi mitano iliyopanda sambamba. Hapa palikuwa na mshipa mmoja mnene katikati, na vingine hafifu vya kutawanyika.

Nilingoja ganda moja likauke, nikalifungua. Ningependa kila anayesoma hapa alifungue ganda kama hilo mara moja maishani. Mabawa mawili yalibanduka kuanzia chini kwenda juu, kama milango miwili ya nyumba zetu inavyofunguka pande zote mbili. Kilichobaki katikati ni fremu nyembamba, na ndani ya fremu hiyo kumetandazwa kiambaza cheupe, chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, kinachopitisha mwanga. Punje zilikuwa zimening'inia pande zote mbili za kiambaza, kila moja imeacha alama ya kibonyeo chake. Ganda la mgagani hufunguka vivyo hivyo kwa mabawa mawili, lakini kiambaza hicho halina. Ganda la choroko pia halina. Kiambaza hicho ni cha ukoo huu, na nilikiinua kwenye jua la saa nne nikaona vivuli vya vidole vyangu kupitia kwake.

Punje zilikuwa za mviringo, hudhurungi iliyokolea, kipenyo chake kama milimita moja na nusu. Nilizitazama kwa kioo nikaona zina mikunjo kama wavu wa kuvulia. Hapo nikanyanyuka, nikaenda kwenye rafu ya shangazi, nikateremsha chupa anayowekea haradali ya achari, nikamimina chache pembeni mwa zile. Wavu ule ule. Ukubwa ule ule. Niliita, "Shangazi, mmea wako umetoka kwenye chupa yako mwenyewe."

Ni Brassica juncea, haradali ya kahawia, ile inayolimwa kwa wingi Bara Hindi na kuuzwa madukani mwetu kwa ajili ya achari. Shangazi anaposafisha haradali huipeta kwenye sinia pale pale kiwandani, karibu na ule ufa. Punje moja iliruka, ikateremka, ikangoja mvua. Si mmea wa mwitu hata kidogo. Ni wa nyumbani, umetoroka hatua mbili kutoka kwenye sinia.

Nikiwa mtoto chuoni, neno haradali nililisikia kwanza katika Surat Luqman, aya ya 16, pale Luqman anapomwambia mwanawe kwamba jambo lingawa na uzito wa chembe ya hardali, likawa ndani ya jabali, au mbinguni, au ardhini, Mwenyezi Mungu atalileta. Maalimu wetu alituonyesha udogo wake kwa ncha ya kucha. Kwa miaka nilidhani jabali katika aya ile ni mahali pa mbali. Sasa kila nikiingia kwa shangazi naona jiwe lenyewe na ufa wenyewe.

Yule mama wa Mpeketoni alipokuja tena nilimwambia si kanzira, na nikamwonyesha mdomo wa ganda, kwamba wa kanzira huwa mfupi zaidi. Hakuonekana kukubali. Ukweli ni kwamba hakuwa mbali, na hili linastahili kuelezwa vizuri. Mwaka 1935 mtaalamu aliyefanya kazi Japani, Woo Jang-choon, ambaye babake alikuwa Mkorea, alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba mimea hii imeoana. Haradali nyeusi ina kromosomu, vile vijiuzi vinavyobeba urithi ndani ya seli, 16. Brassica rapa ina 20. Ukizijumlisha unapata 36, na 36 ndiyo hesabu ya haradali ya kahawia: ni mtoto wa hao wawili, amebeba urithi wote wa mama na wote wa baba. Sukuma wiki na kabichi, ambazo ni spishi moja, zina 18. Jumlisha 18 na 16 za haradali nyeusi, unapata 34, na hiyo ni kanzira. Basi haradali ya achari na kanzira ni ndugu wa mzazi mmoja, na mzazi huyo ni haradali nyeusi. Jicho la mama muuza mboga lilikuwa limeuona undugu ambao vitabu viliufikia kwa kuhesabu kromosomu chini ya hadubini. Nilipomweleza hivyo alicheka, akasema, "Si nilikwambia." Nikamwacha ashinde, maana alistahili.

Baada ya hapo nikaanza kuufuata ukali wake. Tafuna punje moja ya haradali: mwanzo hakuna kitu, kisha ukali unapanda, hauchomi ulimi kama pilipili, unapanda puani hadi macho. Shangazi huisaga haradali kwenye kinu kwa tone la maji na siki, na anayesaga hugeuza uso pembeni. Lakini punje zile zile zikitiwa nzima kwenye mafuta ya moto hupasuka, hurukaruka, na chakula hakina ukali ule. Sababu yake ni nzuri mno. Ndani ya punje kuna vitu viwili vilivyotengwa, kila kimoja chumba chake. Kimoja ni jamii ya glukosinolati, ambayo peke yake haiumi mtu. Kingine ni kimeng'enya kiitwacho mirosinasi. Punje ikipondwa penye unyevu vyumba huvunjika, viwili vinakutana, na hapo ndipo ukali huzaliwa. Ni silaha dhidi ya mdudu: meno yake mwenyewe ndiyo yanayoiwasha. Moto wa mafuta huua kimeng'enya kabla hakijakutana na mwenzake.

Glukosinolati si za haradali peke yake. Ziko katika mimea ambayo hungeidhania kuwa jamaa, na wataalamu wa mimea wameiweka yote katika oda moja, yaani kundi moja kubwa la koo zenye undugu. Mgagani umo. Mzunze umo, ambao wengine huuita mlonge: ua lake lina petali tano, tunda lake ni ganda la pembe tatu lenye mbegu za mabawa, lakini chimba kipande cha mzizi wake ukinuse, utajua. Mpapai umo. Na mswaki, mti wenyewe wa Salvadora persica tunaokata kusafishia meno, nao umo. Mbegu za papai na mzizi wa mswaki hutoa ukali wa kitu kile kile kimoja, benzili isothiosianati.

Nilizijaribu mbegu za papai zilizokuwa zinaenda jaani. Nilizifuta utelezi, nikazitafuna mbili. Haradali kabisa, na uchungu kidogo nyuma yake. Nilikuwa nimezitupa mbegu hizo maisha yangu yote.

Naomba mtu asichukue haya akaanza kutafuna kila jani analolikuta. Mnanaha nao huota majaani, una ua zuri, nao hupoteza akili na unaweza kuua. Ulimi ni wa kuthibitisha kile ambacho macho yameshakimaliza, na mimi haradali sikuiweka mdomoni mpaka nilipokuwa nimeshalifungua ganda na kulinganisha punje.

Kuhusu mswaki nilitaka kupata neno la mtu mwingine, asiyejua nimesoma nini. Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, karibu na msikiti, kuna mzee anayeuza miswaki, ameifunga mafungu mafungu kwa uzi wa katani, miguuni pake ndoo ya maji anayoizamishia ncha zake isikauke. Nilimwamkia, nikaketi kwenye baraza kando yake, nikampa punje tano za haradali ya shangazi kwenye kiganja bila kumwambia ni nini.

"Nitafune?"

"Tafuna, baba. Ni viungo vya achari."

Alizitafuna kwa meno ya mbele, polepole, kama anavyotafuna mtu aliyeonja vitu vingi. Akanyamaza. Nilimwona macho yake yakijaa maji kidogo, akavuta pumzi puani.

"Huu ni mswaki," akasema. "Si wa leo lakini. Mswaki wa leo una nguvu kuliko huu." Akainua mmoja kutoka kwenye ndoo, akaukata ncha kwa kisu, akamenya ganda lake la nje kiasi cha kucha mbili, akanipa. "Tafuna wewe sasa."

Nikautafuna. Ulikuwa na chumvi kidogo kwanza, kisha ukapanda puani.